Mdomo umeshonwa, sasa angalia masikio

Mimi ni fundi wa nguo, Kadutu, Bukavu. Kibanda changu kiko kwenye mteremko, chini kidogo ya soko, na mashini yangu ni ya miguu. Udaktari sikusomea. Haya ninayoandika nimeyapata kwa miaka minane ya kupanda na kushuka hospitalini na mtoto, na kwa kuuliza maswali mpaka manesi wakiniona mlangoni wanaguna.

Binti yangu wa tatu alizaliwa na mdomo uliopasuka, na mpasuko ukaendelea ndani mpaka kwenye kaakaa, lile paa la kinywa. Ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Mama. Mdomo ulishonwa akiwa na miezi mitano, kaakaa akiwa na mwaka na miezi miwili. Siku tuliyorudi na kaakaa limefungwa tulichinja kuku, majirani wakala, tukasema aksanti Mungu, kazi imekwisha. Alipofika miaka mitatu alikuwa na maneno manane. Niliyahesabu.

Watu walinifariji. "Muache, atasema tu, hata wewe ulichelewa." Wengine walisema ni mdomo, bado haujazoea. Kwenye kituo kimoja cha afya muuguzi alilivuta sikio, akachungulia kwa macho matupu, akasema: "Masikio iko sawa, muende." Kwa macho matupu huoni kitu. Maji yanayowasumbua watoto hawa yako nyuma ya ngoma ya sikio, na huko jicho halifiki bila chombo chenye taa.

Mtoto wako yuko upande gani

Kama amepasuka mdomo peke yake na kaakaa ni zima, masikio yake kwa kawaida hayana hatari kuliko ya watoto wengine. Ila hakikisha mtu ameliangalia kaakaa kwa tochi mpaka kwenye kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kuna watoto ambao ngozi ya juu imefunga lakini misuli iliyo chini yake imeachana. Kilimi kilichogawanyika ncha mbili ni ishara mojawapo.

Kama kaakaa limepasuka, hesabu kwamba maji ya masikio yatakuja. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wa namna hii huyapata katika miaka ya mwanzo.

Sababu yake ni hii. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kijumba chenye hewa, na hewa hiyo huingia kwa mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua. Muda mwingi mrija umejifunga. Ukimeza mate au ukipiga miayo, misuli ya kaakaa huuvuta, ukafunguka kidogo, hewa ikapita. Aliyetoka Uvira kwa gari akapanda mlima wa Ngomo anaujua: masikio yanaziba, unameza, yanafanya "po". Kwangu fundi jambo lilinielea hivi: lastiki ya kiuno haivuti kitu kama ncha moja haijashonwa. Kwa mtoto aliyepasuka kaakaa misuli ile haikukutana katikati, haina pa kushika, mrija haufunguki. Hewa ya ndani inakwisha, kijumba kinatoa majimaji, majimaji yanakaa mpaka yanakuwa mazito kama gundi. Sauti ikipiga ngoma, ngoma haichezi.

Mtoto huyo si kiziwi. Anasikia kama wewe ukiwa umeziba masikio kwa vidole. Jaribu sasa hivi: ziba, mwambie mtu aongee akiwa amekupa mgongo. Sauti utaishika, maneno yatakupotea, hasa yenye herufi nyepesi kama s, f na t.

Kushona kaakaa kunasaidia, lakini misuli haijifunzi kazi kwa siku moja. Wengi hupata nafuu kadiri mrija unavyokua, wengine kwenye miaka mitano au saba, wengine hata ujanani. Na miaka hiyohiyo ndiyo mtoto anajifunza kusema.

Kumpima nyumbani, na kosa langu

Nilikuwa na hakika kwamba Mama anasikia. Ushahidi wangu ulikuwa mashini. Alikuwa akicheza na vipande vya vitenge chini sakafuni, mgongo kwangu. Nikikanyaga tu, anageuka. Kila mara. Nilimweleza hivyo daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita ORL, naye akaniuliza swali moja: "Sakafu ya kibanda ni ya nini?"

Ni ya mbao. Mtoto alikuwa anaisikia mashini kwa makalio.

Kwa hiyo ukitaka kumpima, mpime hivi. Kwa mtoto wa miezi saba mpaka mwaka mmoja na nusu, chagua saa ametulia na ameshiba. Mama yake ampakate akiangalia mbele. Mtu wa pili achuchumae mbele yao amshughulishe na kitu kisichovutia sana, kifuniko cha chupa kinatosha, kisha akifiche. Hapo hapo wewe, uliye nyuma kwa pembeni, mita moja kutoka kwake, usawa wa sikio, pale ambapo jicho lake halikufikii, toa sauti ndogo. Nong'ona "s-s-s". Sugua mdomo wa kikombe kwa kijiko. Tikisa punje chache za mchele ndani ya kikopo. Halafu sauti nene, "uuu", chini chini. Kulia mara tatu, kushoto mara tatu, ukibadilisha bila mpango ili asikuzoee. Anayesikia atageukia sauti walau mara mbili kati ya tatu.

Vinavyodanganya ni vingi: kivuli chako ukutani, harufu ya marashi, upepo wa nguo, mbao kama zangu. Na kinachodanganya kuliko vyote ni yule mtu wa mbele. Akikuinulia macho wewe uliye nyuma, mtoto atageuka kufuata macho yake, nanyi mtapiga makofi bure.

Mkubwa zaidi, wa miaka miwili au mitatu, panga vitu mbele yake, funika mdomo wako kwa kitambaa asisome midomo, kisha vitaje kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Sisi tulitumia kifungo, uzi na zipu. Mama alikuwa akileta kifungo kwa kila nilichotaja, akitabasamu.

Akishindwa jaribio hili, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Akifaulu, nenda pia, ila bila mbio, kwa sababu maji haya huja na kuondoka: leo anasikia, wiki ijayo amepata mafua, masikio yamejaa tena. Sisi tulipangiwa kila miezi mitatu. Usingoje kilio wala homa, kwa kawaida havipo. Utakachoona ni mtoto anayesema "eh?" kila wakati, anayekodolea mdomo wako, asiyeitika akiitwa kutoka jikoni. Huyu wangu alichapwa kwenye shule ya watoto wadogo kwa ukaidi. Ukaidi wenyewe ulikuwa huo.

Ukifika hospitalini

Si kila hospitali ina mashini za masikio. Tuma mtu aulize kabla hujalipa pikipiki ya kwenda na kurudi na kupoteza siku ya kazi.

Omba masikio yaangaliwe kwa chombo chenye taa, na omba kipimo cha ngoma ya sikio. Hiki cha pili kinafanywa kwa kizibo laini mlangoni mwa sikio. Mashini inasukuma hewa kidogo, inachora mstari kwenye karatasi. Ni dakika moja hivi, hakiumi. Sikio lenye hewa linachora kilima kama cha Kadutu. La binti yangu lilichora Ziwa Kivu asubuhi, hakuna upepo. Kisha omba usikivu wenyewe upimwe. Mtoto mdogo anaweza kupimwa akiwa amelala, waya zikiwa zimebandikwa kichwani.

Kama kaakaa bado halijashonwa, una bahati ambayo mimi niliipoteza. Muulize mpasuaji mapema kama masikio yanaweza kuangaliwa siku hiyo hiyo, ndani ya usingizi uleule wa dawa. Smile Train, shirika la Marekani, hulipia upasuaji wa midomo na makaakaa kupitia madaktari wa nchi zenyewe. Uliza kama hospitali unayokwenda inafanya kazi nalo. Usidhani tu kwamba masikio yamo humo. Hilo liulize peke yake, na jibu liandikwe kwenye karatasi.

Maji yasiyo na usaha hayatibiwi kwa antibiotiki, wala kwa siropo za mafua. Nilinunua chupa sita za siropo kabla ya kuambiwa. Kuna kungoja na kupima tena baada ya miezi mitatu, kama bado anasikia vya kutosha. Kuna kifaa cha kuvaa sikioni cha kumsaidia kusikia, mpaka maji yatakapoondoka. Na kuna yoyo, kidude cha kupachika kwenye ngoma ya sikio. Madaktari wenyewe hawakubaliani kama kila mtoto aliyepasuka kaakaa awekewe yoyo mapema, kwa hiyo usishangae ukipata majibu mawili kwa watu wawili. Mimi sasa sikubali "tutamuwekea" kabla usikivu haujapimwa, wala "ngojeni" isiyo na tarehe.

Yoyo ni kidude chenye umbo la bobini ya mashini, kimebanwa kiunoni, kidogo kama punje ya ulezi. Daktari anatoboa kitundu kwenye ngoma, ananyonya ile gundi, anakipachika kidude ngozi ikae kwenye kile kiuno chake. Hewa inapita katikati, ikifanya kazi ya ule mrija uliogoma. Mtoto analazwa kwa dawa ya usingizi. Sisi tulirudi nyumbani jioni ile ile.

Siku ya tatu nilikuwa nakata kitenge nyuma yake. Mkasi ukipita kwenye kitambaa una kisauti chake, krrsh, hata mimi siku hizi sikisikii tena kwa mazoea. Mama akainua kichwa. Akatafuta huku na huku, akanikuta. Nikasimamisha mkono. Nikakata tena kidogo, akacheka. Nikakata tena. Tuliendelea hivyo mpaka nikawa nimeumaliza mkono wa blauzi ya mteja, ikabidi nimlipe.

Kuhusu maji ya kuoga: wiki mbili za kwanza yasiingie kabisa. Baadaye adui ni maji ya sabuni, ndiyo yanayopenya kile kitundu. Unapomwosha kichwa weka pamba iliyopakwa vazelini mlangoni mwa sikio, ukimaliza itoe. Ziwani asipige mbizi. Yoyo huanguka yenyewe, mara nyingi baada ya miezi sita mpaka mwaka au zaidi kidogo. Ya kushoto tuliiokota kitandani baada ya miezi tisa, na maji yakarudi upande huo. Mara hii tulingoja, kwa sababu sikio la kulia lilikuwa linafanya kazi. Uambiwe pia mabaya yake kabla hujatia sahihi: usaha unaweza kutoka kupitia yoyo, ngoma inaweza kubaki na kovu, na kwa wengine kitundu hakijifungi chenyewe.

Sikio likitoa usaha

Hapa mambo ni mengine. Usaha mara nyingi maana yake ngoma imetoboka, au yoyo imeingiwa na wadudu. Kama ni chini ya wiki mbili, pamoja na maumivu au homa, nenda kituo cha afya leo au kesho. Hapo antibiotiki ya kunywa ina kazi yake. Kama umevuka wiki mbili, tiba kubwa ni kulikausha sikio na kutia matone aliyoandika daktari, mara nyingi ya siprofloksasini. Kile kichupa cha gentamisini kilichobaki kabatini kiache hapo hapo. Dawa za aina hiyo zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaweza kuharibu sikio la ndani, na hilo halirudi.

Kukausha ni habari ya vitambaa, niacheni niseme. Tafuta pamba halisi iliyochakaa, kama shuka la zamani au fulana iliyofuliwa mpaka ikalainika. Dondoshea tone la maji: kitambaa kizuri hulimeza papo hapo. Teteroni, na kitenge kipya ambacho bado kina wanga, huliacha tone likiviringika juu. Kifue, kichemshe, kikauke, kipige pasi ya moto. Kata vipande virefu kama kidole, upana wa sentimita mbili au tatu, ukifuata uzi wa kitambaa, na nyuzi zote zinazoning'inia zing'oe, maana uzi ukibaki sikioni ni taabu nyingine. Nawa mikono. Sokota kipande kiwe utambi wenye ncha. Usilambe ncha. Mimi vidole vyangu vilishazoea kwenda mdomoni kwa ajili ya tundu la sindano, na mara ya kwanza mke wangu alinipiga kofi la mkono.

Vuta sikio nyuma ili njia yake inyooke. Kwa mtoto mdogo, nyuma na chini kidogo. Ingiza utambi taratibu mpaka ukutane na majimaji, usisukume. Uache unywe. Utoe, utupe, chukua mwingine. Rudia mpaka utambi utoke mkavu; siku mbaya tulikuwa tunafika saba, nane. Mara tatu kwa siku. Usiache kitu ndani na usizibe sikio. Njiti za kiberiti na vijiti vya pamba vya dukani havina kazi hapa.

Matone, kama yameandikwa, yanakuja baada ya kukausha, siyo kabla, la sivyo yanaelea juu ya usaha. Shika kichupa kiganjani dakika chache kipate joto lako, kwa sababu matone ya baridi yanatia kizunguzungu. Mtoto alale ubavu. Ukishatia, bonyeza mara kadhaa kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, dawa ishuke, kisha abaki hivyo dakika chache. Hapo ndipo simulizi la sungura linapofaa.

Utaletewa na mafuta ya mawese ya moto, maziwa ya mama, maji ya majani. Shangazi yangu aliniletea kichupa kutoka Kabare. Nilisema ndiyo shangazi, aksanti shangazi, nikakiweka juu ya kabati, na mpaka leo kipo.

Usilale nyumbani ukiona uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, sikio likisukumwa mbele, shingo ngumu, degedege, uso kupinda upande mmoja, au mtoto anasinzia asiamke vizuri. Na usaha wenye harufu kali ambao haukauki pamoja na matone, huo ni wa ORL. Watoto hawa wako katika hatari zaidi ya kuota ngozi ndani ya kijumba cha sikio, na ngozi hiyo hula polepole vile vimfupa vya kusikia.

Mengine ya nyumbani

Mnyonyeshe au mpe kikombe akiwa ameketi wima. Akinywa amelala chali, maziwa hupanda kwenye pua na mrija. Mbabula, yaani jiko la makaa, itoke nje ya chumba anacholala, na mvuta sigara naye atoke. Chanjo ya numokoko, vijidudu vya nimonia, ya wiki ya 6, 10 na 14, asiikose.

Kuongea naye ndiyo kazi ya kila siku. Kwetu hakuna kumwita Mama kutoka chumba kingine: unamfuata, unainama, akuone uso, unasema kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele kunapotosha maneno, hakusaidii. Redio inazimwa kwanza. Tukienda kanisani tunakaa mbali na baflo, yaani spika.

Shuleni niliandika barua fupi kwa mwalimu kila mwanzo wa mwaka: akae benchi la mbele, mbali na dirisha la barabarani, sikio la kulia limwelekee mwalimu. Darasa lina watoto zaidi ya hamsini, mwalimu hawezi kukumbuka masikio ya kila mtu, kwa hiyo nilimshonea Mama sare yenye kola ya kushonwa kwa uzi mwekundu upande wa kulia. Mwalimu akiona nyekundu, anahamia upande huo.

Halafu daftari. Langu ni lile lile la vipimo vya wateja, nimeligeuza nyuma. Tarehe, sikio gani, walichoona, walichosema, dawa, siku ya kurudi, na maneno mapya ya mwezi huo. Daktari amezoea kupitia viuno na mabega ya watu wa mtaa wa Nyamugo akitafuta masikio ya binti yangu. Ukurasa wa karibuni unasema: "Kulia: yoyo imetoka, ngoma imefunga, kilima. Kushoto: maji kidogo, kilima kifupi. Anasikia. Bado anasema 'takasi' kwa 'mkasi'. Kurudi baada ya miezi sita, kuja na karatasi za zamani."